Chupa ya Asidi na Gitaa la Naitiri

Jumatano, 2 Aprili 2025. Tuwan, Kitale

Naandika hasira ikiwa bado moto. Mama Nasambu wa Naitiri amenipigia simu asubuhi, hata salamu hakunipa. "Fundi Arafa, umeniaibisha." Jumamosi alikuwa anapiga gitaa kwenye harusi Lugulu. Mvua ikaanza, na katikati ya wimbo wa kumwingiza bibi harusi, gitaa likakwaruza mara tatu, likanyamaza. "Watu walipiga kelele, Arafa. Ati mama mzima anacheza na kitu imekufa!"

Gitaa hilo nililifunga waya upya mimi mwenyewe mwezi wa pili, kwa mkono huu huu ninaoandikia. Kiangazi chote nimefunga waya magitaa sita ya umeme ya watu wa Bungoma, na kila moja liliondoka mezani kwangu likiimba. Leo naambiwa nimemwaibisha mtu!

Kilichonikata maini ni maneno ya mwisho. Kikundi chake cha akina mama kimealikwa kufungua siku ya wakulima Bungoma mjini, tarehe 31 Mei. Wapiga gitaa wote wa huko watakuwepo. "Nikiaibika tena pale, nitashika maiki na niwaambie ni nani alinitengenezea." Fundi wa gitaa mwanamke mji huu ni mmoja, na ni mimi. Jina hilo likishaharibiwa kwenye maiki, nitalitengenezea wapi?

Ni waya wake wa kuunganishia tu. Nina hakika.

Ijumaa, 4 Aprili

Amekuja na gitaa. Jua kali. Nimelichomeka kwenye amplifaya, likalia safi kabisa. Nimezungusha volyumu, nimepiga swichi, nimetikisa jeki, lile tundu la kuchomekea waya, hakuna kukwaruza hata kidogo. Nikamwambia, "Mama, si unaona? Ni ule waya wako." Akaniangalia kama mtu anayeangalia mbegu aliyouziwa bila risiti. Amenunua waya mpya, ameenda.

Nimeshinda.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Gata, mfereji wa bati kwenye paa la kibanda, inavuja palepale kwenye maungio, maji yanadondoka kona ya meza. Nimeweka sufuria.

Ijumaa, 11 Aprili

Hillary wa Lugulu, yule kijana mwalimu anayepigia kwaya, ameleta lake. Shida ni ile ile: mvua ikinyesha linakwaruza na kufifia, jua likiwaka linapona. Nimemwambia ni umeme wa kanisa lao. Amesema, "Madam, sasa umeme wa kanisa unajua kukinyesha?" Nikamfokea. Ameliacha.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Kigen, fundi wa redio na magitaa wa ng'ambo ya barabara, amepita na mwavuli wake mkubwa. "Dada, niaje? Nasikia unatengeneza gata zenye nyuzi siku hizi." Wateja wangu wawili wakacheka. Anajua nilikotoka. Marehemu baba, Mzee Ubaid, alikuwa fundi wa gata na koroboi, zile taa za bati, na ni yeye aliyenifundisha kuchomelea nikiwa na miaka tisa. Sioni aibu. Lakini kile kicheko nimekisikia mchana kutwa.

Alhamisi, 17 Aprili

Gitaa la tatu limerudi. Nalo ni kazi ya mkono wangu.

Nimefungua la Hillary, nikatoa kila kitu nje kwenye mwanga. Penye maungio yangu kumeota kijani, na pembeni ungaunga mweupe. Nimejiambia ni jasho la wapigaji. Halafu nikakumbuka: jasho linaingiaje ndani ya mbao, nyuma ya kifuniko kilichofungwa skrubu nne?

Jumamosi, 19 Aprili

Nimelijua. Wallahi nimelijua, na natamani nisingelijua.

Nilikuwa napika mchana. Mama, yaani mama yangu Mulki, akaniambia nimpe chumvi. Nimefungua kopo, chumvi imelowa yote, imeshikana kama ugali wa jana. Nikanung'unika, "Nani ametia maji humu?" Mama akacheka. "Nani atie maji? Ni majira ya mvua. Chumvi inakunywa hewa."

Nikasimama na kopo mkononi mpaka vitunguu vikaungua.

Baba hakuchomelea kwa risasi peke yake, yale madini laini yanayoyeyushwa kuunganisha bati na waya. Alikuwa na pande la shaba alilolipasha kwenye makaa, kipande kinene cha risasi, na kando yake chupa ya asidi ambayo aliitia vipande vya zinki kutoka kwa betri kuukuu. Alipaka hiyo asidi kwenye bati kwanza, bati linang'aa, halafu risasi inashika kama imezaliwa hapo. Chupa ile nimeirithi. Ipo mezani kwangu hadi leo, imefungwa kitambaa chekundu alichokifunga yeye. Na volyumu za gitaa, zile za kuzungusha kupandisha sauti, zina migongo ya chuma iliyo migumu kushika risasi, basi kila gitaa nilipaka. Tone moja tu. Nilikuwa najisifu kwamba hiyo ndiyo siri yetu ya nyumbani, na Kigen hana.

Basi tone hilo halikauki na kwisha. Linabaki pale kama chumvi. Kiangazi limelala kimya. Mvua ikija linakunywa hewa, linalowa, sauti inavuja kupitia unyevu huo na kupotea kabla haijafika kwenye jeki. Jua likirudi, linakauka, gitaa linapona, na fundi Arafa anamwambia mteja wake ni waya. Muda wote huo asidi inakula shaba taratibu.

Na hapa ndipo pananichoma. Baba alikuwa anaosha. Kila gata, kila maungio: ndoo ya maji, kisha maji ya magadi, kisha maji tena. "Osha, mwanangu. Umeosha? Osha tena." Mimi nilidhani ni usafi wake tu, mtu wa msikitini, hawezi kuacha kitu bila kukitawadhisha. Nilimwiga risasi, nilimwiga chupa, nikaacha ndoo kwa sababu niliona ni tabia ya mzee. Hakuniambia kwa nini, nami sikuuliza. Na hata ningekumbuka, nani anamwagia gitaa ndoo ya maji?

Magitaa sita. Yote sita yanaoza, na ni mimi.

Jumapili, 20 Aprili

Sikufungua kibanda.

Jumanne, 22 Aprili

Kulia hakuoshi shaba. Nimeenda kwa Aziz, anayeuza vipuri vya redio karibu na soko, nikamwambia anitolee kila aina ya risasi aliyonayo. "Unataka ya nini?" "Nataka ile ambayo haitanitukana mvua ikinyesha." Akacheka, akaanza kutoa.

Nimerudi na tatu. Ya kwanza ni ya kisasa, karibu yote ni madini ya bati, Aziz anaisifu kwamba haina sumu. Ya pili ni roli nene ya bei ya chini, imeandikwa sitini kwa arobaini, yaani madini ya bati sehemu sitini na risasi yenyewe arobaini. Ya tatu ni nyembamba kama uzi wa viatu, sitini na tatu kwa thelathini na saba, na ndani yake mna dawa ya utomvu wa mti badala ya asidi. Nimeuliza kuna tofauti gani kati ya sitini na sitini na tatu. Aziz akasema, "Hiyo, dadangu, ikipoa imepoa. Ile ingine inasitasita kwanza."

Nimechomelea vipande vinne vya waya wa shaba: kimoja kwa risasi na chupa ya baba, vitatu kwa hizi mpya. Nimevifunga nyuzi za rangi, nikavining'iniza ndani ya debe lenye gunia lililoloweshwa maji, nikafunika. Wiki mbili. Hakuna kupapasa, hakuna kuchungulia.

Jumatano, 23 Aprili

Nimechungulia. Hakuna kitu.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua ya mawe. Sufuria ya kona imejaa mara mbili. Kigen amemwambia mteja wangu mmoja kwamba gitaa si koroboi.

Ijumaa, 2 Mei

Gitaa la nne. Nimelipokea bila kubisha. Mwenyewe alishangaa, alikuwa amekuja na maneno yake tayari.

Jumanne, 6 Mei

Nimefungua debe.

Uzi mwekundu, chupa ya baba: kijani tupu. Nimeukunja waya, umekatika.

Ile ya kisasa haijaota kutu, lakini ungio lina chengachenga kama mchele, nimelivuta kidogo likang'oka. Sitailaumu. Inataka moto mwingi, na chuma changu cha umeme cha kuchomelea ni kidogo, hakiwezi kuifikisha. Mwenye chuma kikubwa aitumie kwa amani.

Roli nene: uongo wa waziwazi. Sitini yao ni ya kwenye karatasi. Ilichelewa kuyeyuka, ikapoa na rangi ya jivu, ikaacha uchafu mweusi.

Nyembamba: inang'aa! Wiki mbili ndani ya unyevu, inang'aa kama jino la mtoto. Nimeivuta, nimeivuta tena kwa koleo, waya wenyewe ukakatika, ungio likabaki. Nilipiga kelele mpaka Mama akatoka nje na mwiko.

Lakini mgongo wa volyumu ni pande la chuma, linameza joto lote la chuma changu kidogo kabla risasi haijashika. Ndiyo maana nilikimbilia chupa toka mwanzo. Nimekaa nikifikiri. Halafu nimeliangalia lile pande la shaba la baba, lile la kuwekwa kwenye makaa. Zito kama ngumi. Lina joto la kutosha kuchomelea gata ya futi kumi! Nimelipiga tupa mpaka shaba mpya ikatokea, hakuna hata harufu ya asidi, nikalipaka risasi nyembamba kwenye ncha. Nikaligusisha kwenye volyumu mbovu, nikahesabu moja, mbili. Limeshika. Hakuna asidi, na ndani ya ile volyumu hakuna kilichoungua.

Baba, umenisamehe kidogo.

Alhamisi, 8 Mei

Nimewapigia wote sita. Sikusema waya, sikusema umeme. Nimesema: nilitumia dawa ya mabati ndani ya gitaa lako, kosa ni langu, lilete nilifungue lote upya, hutanilipa kitu. Wawili wamenitukana. Mmoja amecheka sana. Hillary amesema, "Afadhali, madam. Nilikuwa nimeanza kushuku kanisa."

Kigen amesikia. Amekuja bila mwavuli. "Arafa, kwa nini uliwaambia? Hawangejua kamwe. Ungebadilisha kimyakimya." Nimemjibu kwamba mimi ningejua. Hakuwa na mzaha leo. Amevuka barabara, akarudi kwake.

Nasambu peke yake hakupokea simu.

Jumamosi, 10 Mei. Naitiri

Nimemfuata kwake. Nimemkuta kwenye mahindi, palizi ya pili, matope mpaka magotini. Hakuacha jembe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja kuniuzia waya mwingine?"

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama kwenye tuta na begi la vifaa begani. Chupa, asidi, debe, kijani. Nilipofika kwenye habari ya tone lililokunywa hewa, jembe likasimama.

"Ngoja. Kama chumvi ya mahindi?"

Sikuelewa. Akanipeleka ghalani, akatoa chupa ya kioo yenye chumvi kavu. Kabla ya kufunga mahindi kwenye magunia anatia punje humo, anatikisa. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi bado yana maji, hayafungwi. Ikidondoka yote chini, yamekauka. "Hii chumvi haijawahi kunidanganya. Sasa wewe uliweka chumvi ndani ya gitaa yangu, na ukaniambia ati ni waya?"

"Ndiyo, Mama."

"Mbele ya mimi, ukiniangalia macho."

"Ndiyo. Nilikuwa na kiburi, na nilikuwa sijui. Vyote viwili."

Kuku wakapita katikati yetu. Nilitamani anitukane tu tumalize.

"Kigen alinipigia," akasema. "Alitaka kuchukua hii kazi. Nikamwuliza shida ni nini, akasema, bana, hizo ni makosa za wanawake." Akatema mate pembeni. "Mimi nimepiga gitaa miaka thelathini na mbili na nimeambiwa hiyo maneno kila mwaka. Fungua begi."

Nimefanya kazi jikoni kwake, pande la baba likiwa kwenye makaa yake. Nimekata kila waya niliouweka. Nimebadilisha volyumu zote, swichi na jeki, kwa sababu asidi ikishaingia huwezi kuifukuza kwa kitambaa. Nimechomelea kila ungio kwa ile nyembamba: pasha ungio kwanza, si risasi, risasi ikimbilie kwenye joto yenyewe, toa mkono, usipumue mpaka ing'ae. Migongo ya volyumu, moja, mbili, imeshika. Nasambu alikaa kwenye kigoda akiangalia kila kitu.

Nilipomaliza akalichukua gitaa, akalitundika kwenye msumari juu ya sufuria ya githeri iliyokuwa ikichemka, mvuke wote unalipanda. Nilipiga ukelele, "Mama! Mbao!"

"Mbao ni yangu. Litakaa hapa wiki moja, kila siku napika. Likikwaruza hata mara moja, naenda kwa Kigen, na maiki iko pale pale."

Jumatano, 14 Mei

Mvua. Sili vizuri. Nimemaliza la Hillary.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua. Natumaini anapika githeri kidogo kidogo.

Jumamosi, 17 Mei

Simu saa nne. "Fundi." Nikasikia mlio wa kuchomeka waya, halafu gitaa! Alipiga ule wimbo wa bibi harusi, wote, mwanzo hadi mwisho, na nyuma nasikia mvua ikigonga mabati. Hakuna kukwaruza. Safi kama maji ya kisima.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Basi mbona unalia? Tuonane Bungoma." Akakata.

Jumatano, 28 Mei

La sita limetoka leo. Yote sita! Vidole vimeungua viwili, mgongo unauma, na nimenenepa kwa furaha.

Jumapili, 1 Juni

Nilirudi jana nimechoka hata kalamu sikuiweza. Sasa niandike vizuri, kwa sababu nitataka kuisoma nikiwa mzee.

Bungoma kulikuwa na mawingu tangu asubuhi. Uwanja umejaa, mahema, matrekta, ng'ombe wa maonyesho. Jenereta nyuma ya jukwaa. Kikundi cha kwanza kilichokuwa kikijaribu sauti kilikuwa na gitaa alilolitengeneza Kigen, na Kigen mwenyewe alikuwepo, shati jeupe. Gitaa likaanza kunguruma kama nyuki. Kijana mpigaji akiligusa nyuzi linanyamaza, akiachia linanguruma. Nilijua palepale: waya wa kwenye mgongo wa volyumu umeachia.

Kigen akalifungua, akachomeka chuma chake cha umeme. Upepo, baridi, chuma kidogo, pande lile la volyumu likameza joto lote. Risasi ikaganda kama uji. Akajaribu mara tatu. Msimamizi akapiga kelele kwamba zimebaki dakika kumi. Kigen akainua kichwa, akaniona.

Ningeweza kusema kitu kuhusu gata zenye nyuzi. Nilikuwa nacho, kilikuwa kwenye ncha ya ulimi, kitamu kabisa. Nikakimeza. Nikamwendea mama wa chapati aliyekuwa na jiko pembeni, nikamwomba kona ya makaa yake, nikalizika pande la baba humo.

"Hiyo ni nini, mama?" akauliza. "Unataka kuchoma chapati zangu?"

"Hiki ni cha baba yangu. Subiri uone."

Kigen akalishika gitaa, mimi nikaligusisha pande. Moja, mbili. Risasi nyembamba ikakimbia, ikatulia, ikang'aa. Wakachomeka. Kimya safi, halafu gitaa likaimba, na wale vijana wakaruka. Kigen akalichukua lile pande kwa kitambaa, akalipima uzito mkononi. "Arafa, hii unaitoa wapi?" "Hii huitoi dukani." Akacheka kweli, akasema, "Nimekukosea, dada. Ile maneno ya gata." Nikamwambia aje kibandani, nimpeleke kwa Aziz akaione ile risasi nyembamba.

Halafu mvua. Si manyunyu, mvua yenyewe, imepinda na upepo inaingia hadi jukwaani. Na ndiyo zamu ya Nasambu. Akina mama kumi na mmoja wa Naitiri kwa kanga za buluu, yeye mbele, gitaa jekundu kifuani, matone yanaruka juu ya mbao. Nilishika nguzo ya hema. Watu walianza kukimbilia chini ya mahema. Akapiga uzi wa kwanza, nao wakasimama.

Alipiga nyimbo nne. Nne! Mvua ikizidi, naye akizidi, mpaka wazee waliokuwa wamejikunyata kwenye hema la mbegu wakatoka wenyewe kucheza kwenye matope. Wimbo ulipokwisha akashika maiki. Nikaing'ang'ania ile nguzo.

"Kwa ile harusi Lugulu gitaa yangu ilikufa. Nilisema nitawaambia aliyenitengenezea. Ni huyu, amesimama kwa hiyo nguzo. Anaitwa Arafa binti Ubaid, wa Tuwan, Kitale. Aliharibu, akakuja mpaka shamba yangu akasema ameharibu, akatengeneza. Nani hapa amewahi kuona fundi akisema ameharibu?"

Uwanja mzima ulicheka na kupiga makofi, na akina mama wakanipigia vigelegele. Nimeondoka Bungoma na magitaa tisa ya kutengeneza na chapati tatu za bure.

Jumanne, 3 Juni

Nimefungua kile kitambaa chekundu. Mama alishtuka. "Si ulisema hutaigusa tena?"

Nimepanda juu ya kibanda na chupa ya baba, kipande chake kinene cha risasi, na pande la shaba likiwa na makaa kwenye kopo. Nimepaka asidi pale gata inapovuja, bati likang'aa, risasi ikashika kama imezaliwa hapo. Kazi yake ni hii. Haikuwa mbaya hata siku moja, niliipeleka tu kwenye nyumba isiyo yake. Kisha ndoo ya maji, kisha maji ya magadi, kisha maji tena.

Saa kumi mvua imekuja. Tumesimama chini, Mama na mimi, tunaangalia kona ya meza. Kavu. Nimeitoa sufuria, nikaigeuza chini juu.

Mama akainua macho kwenye lile ungio. "Umeosha mara ngapi?"

"Tatu, Mama. Kama yeye."

"Baba yako kwa gata ya nyumbani kwake alikuwa anaosha nne."

Nikachukua ndoo, nikapanda tena, mvua ikininyeshea.